Anayesimamisha Filamu Hapa Ni Mmoja

Filamu ililetwa Ijumaa asubuhi ndani ya kisanduku cheusi kisichofika hata nusu ya mche wa sabuni, na Bi Kengele akakichukia tangu alipokitia machoni. Si kwamba alikuwa mtu wa kuogopa vitu vipya. Ile mikanda mikubwa ya zamani, iliyomwachia baba yake kibiongo kwa kuipandisha ngazi, ilikuwa imeshasahaulika, na yeye mwenyewe alikuwa ameujua mtambo wa kompyuta kitufe kwa kitufe ndani ya wiki moja, huku mafundi waliotumwa kuufunga wakimwita bibi na kumtazama kwa huruma. Huruma yenyewe iliwatokea puani siku ya tatu, alipowaonyesha waya walioufunga kinyume. Kilichomuudhi Ijumaa hiyo ni karatasi iliyobandikwa juu ya kisanduku. Karatasi ilisema filamu imefungwa kwa namba za siri, na kwamba kwenye majumba ya sinema itafunguka kesho yake, Jumamosi, saa nane kamili mchana. Kwa wenye runinga na intaneti majumbani ingefunguka Jumamosi hiyohiyo, tangu alfajiri.

Yaani mwenye sofa aone kabla ya mwenye mtambo. Bi Kengele aliisoma karatasi mara mbili, akaibandua, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Angalau hapo ilipata kazi.

Ili mtu aelewe kwa nini aliumia hivyo, lazima ajue mambo yalivyokuwa yakiendeshwa katika ukumbi ule. Enzi za baba yake, mtambo ulikuwa mmoja na mikanda mingi, kwa hiyo katikati ya kila filamu ilibidi kusimama. Mafundi wengine walisimamisha popote mkanda ulipoishia, hata kama mtu kwenye filamu alikuwa katikati ya kupiga chafya. Baba yake hakukubali ushenzi huo. Alipanga mikanda yake ili filamu isimame pale ambapo watu watatoka nje na maswali yamewajaa mdomoni. Taa zikiwaka, ukumbi mzima ulimwagika mbele kwenye meza ya bisi, watu wasiojuana wakabishana kana kwamba wamezaliwa tumbo moja, na baada ya robo saa fundi alishuka na kengele ya shaba, akaitikisa kuanzia ngazini hadi barabarani, watu wakarudi mbiombio. Baba alipofariki, binti alirithi chumba cha mtambo na kengele yake, na jina lake la kuzaliwa likapotea hapo. Mtambo mpya haukuhitaji kupumzika, lakini Bi Kengele aliendelea kuupumzisha. Kila filamu mpya aliitazama peke yake siku moja kabla, daftari mapajani, akitafuta mahali pa kukatia. Alikuwa hajakosea kwa miaka thelathini na moja, na kama aliwahi kukosea, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kulikuwa na sheria ya pili, iliyoingia pamoja na simu za mkononi. Simu ikilia ukumbini, Bi Kengele aliisimamisha filamu na kuwasha taa zote. Watu waligeuka kumtafuta mwenye simu, na wakishamwona, ukumbi mzima ulisema kwa sauti moja, "Zima." Filamu haikuendelea mpaka simu izimwe. Wageni walikasirika, wenyeji waliifurahia karibu kuliko filamu yenyewe, na kuna watu walizima simu zao tangu nyumbani kwa kuogopa kuaibika.

Saa sita mchana mwenye ukumbi alipanda ngazi akihema. Mtaani walimwita Mrithi, kwa sababu ukumbi aliachiwa na marehemu baba yake, na kwa sababu hakuwahi kupata kitu kingine cha kuitiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu anayelinda kitu ambacho kila anayemjua anamwambia akiuze. Alikaa juu ya sanduku la vifaa, akamweleza Bi Kengele mambo bila kumtazama usoni. Mfanyabiashara wa vigae alikuwa anautaka ukumbi uwe ghala lake. Ameshapima milango, ameona malori yatapita. Angepiga simu kesho saa kumi kamili kutaka jibu la mwisho, na asipojibiwa angechukua bohari iliyo nyuma ya soko, ambayo tayari alikuwa ameoneshwa. Mrithi alisema ataangalia kwanza filamu hii itakwendaje, maana ni sehemu ya tatu na ya mwisho ya hadithi ambayo watu wameisubiri kwa miaka miwili. Lakini alikuwa na sharti moja.

"Nyumbani mtu anatazama anavyotaka, shangazi," alisema. Hawakuwa na undugu wowote, ila alimwita hivyo tangu alipokuwa anafundishwa kufunga kamba za viatu kwenye ngazi zilezile. "Sisi huku tunampigia kengele kama mtoto wa shule. Kesho isisimame. Ianze, iishe, watu waende zao."

"Na simu ikilia?"

"Ilie. Mtu amelipia kiti chake."

"Na aliyekaa kiti cha pili amelipia nini?"

Mrithi aliinuka, akajipangusa vumbi suruali, akashuka. Bi Kengele alibaki akipangusa kioo cha mtambo ambacho hakikuwa na uchafu wowote.

Alasiri binti yake alimpitia. Huyu alikuwa mwanawe wa pekee, amelelewa chini ya meza ya chumba cha mtambo, amelala usingizi wake wa utotoni kwa mvumo wa mashine, na shuleni waliwahi kumwita Mtoto wa Kengele mpaka akapigana. Sasa alikuwa ameolewa na kijana mmoja fundi wa intaneti, mcheshi, mkarimu, mwenye mdomo usio na breki, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya. Waya alikuwa amefunga runinga inayokaribia upana wa ukuta, na kila aliyepita njia alikaribishwa aione. Binti alimwomba mama yake aje kesho asubuhi waitazame filamu pamoja, chai ipo, sofa ipo. Alisema mama amesimama kwa miguu yake miaka yote hiyo, basi na akae. Mama alipokunja ndita, binti aliongeza hoja ambayo kwa kweli ilikuwa na nguvu. Kama mama anataka kujua mahali pa kukatia, aitazame kwao asubuhi, mchana aende nayo kichwani.

Bi Kengele aliwaza. Sitamsingizia, aliwaza hasa, akaona hata rangi ya lile sofa. Kuikata filamu asiyoijua ilikuwa kama kukata nguo bila kumpima mwenye nguo, na kesho haikuwa siku ya kubahatisha. Kisha damu ikamchemka.

"Siendi kuiba kazi yangu sebuleni kwa mkwe," alisema.

Binti alicheka kidogo, kisha akaacha, maana aliona mama yake hatanii. Akamuuliza polepole kama anajua kuhusu mtu wa vigae. Ilionekana mtaa wote ulijua. Mama akasema anajua. Binti akasema kama ukumbi ukifungwa, chumba cha nyuma kwao ni chake, godoro jipya, dirisha linaelekea bustanini. Neno hilo lilitoka moyoni, na ndiyo maana liliuma kuliko maneno yote ya siku ile. Mwanawe mwenyewe alikuwa ameshamtandikia kitanda cha kushindwa.

Jumamosi asubuhi Bi Kengele alipita kwa kinyozi akienda kununua balbu, akamkuta Waya kwenye benchi la nje, watu wanne wamemzunguka, anasimulia filamu kuanzia mkiani. Tangu saa moja alikuwa ameshamaliza, alisema, na mwisho wake usipime. Hadithi ilihusu dada wawili waliotenganishwa wakiwa wachanga, mmoja akawa hakimu, mwingine akawa mwizi, na sehemu mbili za kwanza ziliisha bila wao kutiana machoni. Bi Kengele aliziba masikio kwa viganja vyote viwili na kuharakisha, mtu mzima na hadhi zake, akitembea barabarani kama anayekimbizwa na nyuki. Hata hivyo neno lilipenya. Hakimu anamfunga dada yake maisha. Kinyozi aliguna, mteja aliyekuwa ananyolewa akasema basi hana haja ya kwenda tena.

"Umeona, mama," Waya alimwambia kwa furaha na heshima tele, akisimama kumwamkia. "Umeokoa muda wako."

Bi Kengele aliitikia salamu, kwa kuwa mkwe ni mkwe, akaendelea na safari yake huku moyoni akimpa vidonge vyake vyote kimoja kimoja.

Saa saba na nusu milango ilifunguliwa. Mlangoni alisimama Mzee wa Tiketi, aliyekuwa akichana tiketi pale tangu enzi za baba yake Mrithi, na ambaye kwa miaka hiyo yote hakuwahi kutazama filamu nzima, maana kazi yake ilikuwa kuukalia mlango. Watu walikuja, si kwa kusukumana kama zamani, ila walikuja. Viti vya kati vilijaa, vya pembeni vikabaki na mapengo. Alikuja nesi mstaafu ambaye alikaa kiti kilekile cha kona kila wiki. Walikuja wanafunzi, madereva, mama na binti zake watatu waliovaa sare. Kinyozi alifunga duka akaja. Yule mteja wake aliyekosa haja alikuja pia, kichwa kikiwa bado na unyevu. Na karibu saa nane Bi Kengele, akichungulia kupitia kidirisha cha chumba cha mtambo, alimwona binti yake akiingia huku amemshika Waya mkono, Waya akifuata shingo upande.

Saa nane kamili namba zikakubali, mtambo ukakubali, filamu ikaanza.

Kwa dakika za mwanzo Bi Kengele alishika daftari na kutazama kitambaa cheupe kama alivyozoea. Alikuwa anaifukuzia hadithi asiyoijua, kila tukio likija anajiuliza kama ni hapa, na kabla hajajijibu limeshapita. Dakika ya ishirini, dakika ya thelathini, ukurasa mtupu. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo alikuwa amelielewa vibaya maisha yake yote. Utotoni alipokaa miguuni pa baba yake, baba hakuwa akitazama filamu kupitia kidirisha kile. Alitazama chini, kwenye vichwa. Yeye alidhani baba amechoka na filamu.

Akafunga daftari, akatazama vichwa.

Kwanza aliona fujo tu, giza lenye vinundu. Kisha vinundu vikaanza kusema. Watu wasioguswa na jambo huwa hawatulii. Mmoja anajikuna, mmoja anatafuta bisi mfukoni, mmoja anamsogelea mwenziwe kumnong'oneza. Aliwaona wakicheka kwa mabega, akawaona wakichoka pale hadithi ilipozunguka sana sokoni, akamwona mtoto mmoja amelala. Kwenye filamu hakimu alikuwa anashuka ngazi za mahabusu, chini ya mahakama. Mwanamke aliyeshtakiwa alikuwa amekaa nyuma ya nondo, amewapa watu mgongo, kichwa kimefunikwa kwa kitambaa. Vichwa viliacha kutikisika kimoja baada ya kingine. Mkono wa nesi ulikuwa njiani kwenda mdomoni ukasahauliwa hapohapo. Hakimu akasimama mbele ya nondo, akasema, "Geuka." Ukumbini hakuna aliyekohoa. Hata Waya alikuwa amejikunja mbele, viwiko magotini.

Mwanamke akaanza kugeuka, na Bi Kengele akabonyeza kitufe.

Ukumbi ulitoa mguno mmoja mrefu kutoka tumboni, taa zikawaka, watu wakatazamana kama walioamshwa. Kisha wakainuka wote kwa pamoja na kumwagika nje, na kabla hata hajafika nusu ya ngazi aliwasikia wakibishana. Dereva mmoja aliapa hakimu alijua tangu sehemu ya kwanza, ndiyo maana aliomba uhamisho. Mama wa binti watatu alimuuliza kama aliwahi kumtazama yule hakimu machoni, mtu anayejua hatazami vile. Waya alinyanyua mkono kama mwanafunzi mwenye jibu, akasema yeye anajua mwisho, na watu kumi walimgeukia kumwambia anyamaze.

"Mwisho mimi niliusikia asubuhi," alisema nesi, bila kupandisha sauti. "Nimekuja kuona atakavyogeuka."

Mrithi ndiye aliyekuwa anapanda ngazi wakati Bi Kengele anashuka, wakakutana katikati. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira, na jinsi ngazi zilivyokuwa nyembamba hakuna ambaye angeweza kumpita mwenziwe bila kujibana ukutani.

"Nilikuambia nini jana, shangazi?"

"Uliniambia isisimame."

"Na umefanya nini?"

"Nimeisimamisha."

Mrithi akasema basi yameisha, amemrahisishia kazi, ile simu itakapoingia saa kumi atamjibu mtu wa vigae ndiyo, na Bi Kengele alete funguo Jumatatu. Alisema haraka haraka, kama mtu anayebandua plasta. Kutoka chini kelele za watu zilipanda hadi walipo.

"Mjibu," alisema Bi Kengele. "Ukumbi ni wako, na ulimi ni wako. Lakini sasa hivi ni saa tisa na robo, na saa tisa na robo hapa bado ni sinema, na katika sinema hii anayesimamisha filamu ni mmoja. Wao majumbani wana rimoti kila mtu mkononi, wasimamishe kwa ajili ya chai, kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya paka. Hapa mtu anasubiri pamoja na wenziwe asiowajua, na hajui kwa nini inamfurahisha. Kama hukulijua hilo, baba yako alilijua. Sasa nipishe, kengele haijipigi."

Mrithi alimpisha. Alijibana ukutani mpaka koti likachukua chokaa. Bi Kengele alikuwa ameshashuka vidato vitatu alipomsikia akisema nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuuliza.

"Yule mwanamke. Akigeuka, ndiye kweli?"

"Sijui," akajibu. "Na mimi ndiyo kwanza naiona."

Binti yake alimsubiri chini ya ngazi, hakukaa na wale wanaobishana. Alimvuta pembeni, karibu na mlango wa stoo, akamwambia jambo ambalo ilionekana limemkaa kooni tangu asubuhi. Waya hakuiona ile filamu. Alilala pale wanapofukuzana sokoni, akaamka runinga imeshazimwa, na huo mwisho anaouuza mtaani ameusoma kwenye simu ya rafiki yake.

"Na wewe?" mama akauliza.

"Mimi imenisimamia mara kumi na moja. Nimehesabu. Mara chai, mara mtu mlangoni, mara mama yake kapiga, mara intaneti inazunguka. Halafu yeye akalala, nikaizima." Alitazama kengele mkononi mwa mama yake. "Kila ikisimama, mwenyewe bila kujua nikawa nasubiri kengele. Haipigwi."

Robo saa ilikuwa imekwisha. Bi Kengele alimpa binti kengele. Mtoto wa Kengele, mtu mzima mwenye nyumba yake na runinga yake, aliishika kwa mikono miwili, akaitikisa kutoka ngazini hadi barabarani, na watu wakarudi mbiombio huku wakiwa bado wanabishana, wengine wamebeba bisi ya jirani kwa makosa.

Mrithi alikusudia kusimama nyuma karibu na mlango, simu mkononi, asubiri saa kumi ifike. Lakini watu walipokuwa wanaingia walimsukuma, mmoja akamwambia akae asizibe njia, akajikuta amekaa mstari wa tatu pembeni, kwenye kiti alichokikalia utotoni, miguu ikiwa sasa mirefu mno kwa nafasi ile. Taa zikazimwa. Mwanamke akamaliza kugeuka.

Sitasimulia alivyogeuka. Asiyeiona akaione.

Nitasimulia tu kile ambacho Bi Kengele alikiona, maana yeye kipindi hicho cha pili hakutazama kingine. Aliwaona watu wakitulia mapema zaidi kuliko mwanzo, kana kwamba kule kubishana kumewafunga kamba moja. Alimwona nesi akilia wazi bila kujifuta. Alimwona Waya, mjuzi wa mwisho, akimshika mkewe mkono kwa nguvu pale mambo yalipoanza kwenda tofauti na alivyosimulia kwa kinyozi, kwa kuwa huyo rafiki yake naye alikuwa amepiga chuku. Na alimwona Mrithi. Mwanzoni alikuwa akiitazama saa kila baada ya dakika. Kisha akaitazama mara moja moja. Kisha simu ikamlegea mkononi hadi ikaegemea goti, mdomo ukafunguka kidogo, na Bi Kengele akamwona yule mtoto wa kamba za viatu, yuleyule, amewekwa tu ndani ya koti kubwa lenye chokaa mgongoni.

Hakimu alikuwa amesimama kusoma hukumu. Alifungua jalada, akavaa miwani, akavuta pumzi.

Simu ikalia.

Ililia kwa mlio mkali wa wimbo wa harusi, na mwanga wake ukamulika paja la Mrithi. Bi Kengele hakuhitaji kutazama saa ya ukutani. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na kwa kitambo kifupi sana, kifupi kuliko ninavyoweza kukieleza, alijiuliza. Akiiacha filamu iendelee, Mrithi atatoka nje kimyakimya, atasema ndiyo yake kando ya meza ya bisi, na hakuna atakayemlaumu yeye. Akiisimamisha, atakuwa amemwaibisha mwenye mali ndani ya mali yake.

Akabonyeza. Filamu ikaganda, hakimu na miwani yake, taa zote zikawaka.

Watu waligeuka kama kawaida yao, wakamtafuta mwenye kosa, na vinywa vilikuwa vimeshafunguka kusema lile neno walipoona ni nani. Neno likawafia mdomoni. Simu iliendelea kulia. Mrithi aliitazama, akawatazama watu, kisha akainua uso mpaka juu kabisa, kwenye kidirisha.

"Shangazi," alisema, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hakuhitaji kupaza sauti. "Hii ndiyo ile simu."

"Naijua," Bi Kengele akajibu kutoka juu. "Ipokee au izime. Lakini humu ndani vitu viwili haviendi kwa pamoja."

Simu ililia. Mtu wa vigae alikuwa mtu wa subira, au mtu mwenye uhakika. Watu hawakujua simu hiyo ilikuwa imebeba nini, wengine walijua nusu, lakini walikuwa wamekaa mbele ya hukumu ambayo haijasomwa, na macho yao yote yalikuwa juu ya mtu mmoja. Mrithi aliinuka. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, na pale mlangoni alisimama Mzee wa Tiketi, mkono ukiwa kwenye pazia, tayari kumfungulia kama anavyomfungulia mtu yeyote. Mzee hakumzuia. Alikuwa amesogea ndani hatua mbili zaidi ya siku zote, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa ameuacha mlango wazi nyuma yake ili aone kinachoendelea kwenye kitambaa cheupe.

"Zima, mwanangu," alisema Mzee wa Tiketi. "Hakimu anataka kusoma."

Mrithi alisimama katikati ya njia, simu ikiwa bado inaimba harusi yake. Kisha akabonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia, kwa muda mrefu, mpaka mwanga ukafa mkononi mwake, akarudi kukaa mstari wa tatu na kukunja miguu yake mirefu.

Bi Kengele akazima taa.